Dari ya gari iliyolegea na plastiki zilizopauka: mwongozo wa kufanya mwenyewe

Nikimwona mtu anaendesha huku kitambaa cha dari kimemlalia utosini, najua pini ameshazijaribu. Wengine hupiga stepla. Wengine hutoboa kwa sindano na kusukuma gundi ndani, wanabonyeza kwa kiganja, wanafurahi wiki mbili, kisha dari inashuka tena. Hapo ndipo huja swali ambalo nimeulizwa mara nyingi mno: "Gundi gani ni kali zaidi?"

Gundi haina kosa. Dari ya magari mengi ya miaka ya 1980 na kuendelea ina matabaka matatu: ubao uliofinyangwa kufuata umbo la paa, sponji nyembamba ya kama milimita 3, na kitambaa juu ya sponji. Kilichokufa ni sponji. Joto na unyevu wa miaka mingi huivunja mpaka inakuwa unga, na kitambaa kinabaki hakina cha kushikilia. Ukipaka gundi, hata iwe kali namna gani, inashika unga, na unga haujashika ubao. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii ni kusafisha. Kubandika kwenyewe ni saa moja tu.

Na mimi nilianza kwa njia ya sindano, kwenye gari la mjomba wangu. Ilishika siku tisa. Niliponunua kitambaa kipya na kuifanya kazi upya kuanzia kwenye ubao, ilikaa mpaka gari likauzwa.

Kwanza ujue tatizo lako

Bonyeza kitambaa pale kinaponing'inia, kisugue kwa kidole kama unayesugua nafaka. Ukisikia chembe zinateleza ndani, au unga wa kahawia au wa machungwa unadondoka kwenye viti, sponji imekwisha. Hata kama ni kona moja tu iliyoshuka, sehemu nyingine zinafuata. Usifanye kiraka, fanya dari nzima.

Kama gari lako ni la zamani zaidi na dari yake ni reksini iliyoshonwa na kuning'inizwa kwenye fito za chuma zinazovuka paa, mwongozo huu wa dari haukuhusu. Ile ni kazi ya cherehani na ya kuvuta, ina njia zake. Ruka uende kwenye plastiki.

Tazama pia kama kuna madoa ya duara yenye ukingo wa kahawia. Hayo ni maji. Yanaingia kwenye raba ya kioo cha mbele, kwenye tundu la antena, au kwenye mifereji ya dirisha la paa iliyoziba. Mwaga maji juu ya paa taratibu huku mwenzako akiwa ndani na tochi, mjue yanaingilia wapi, mzibe kwanza. Dari mpya chini ya paa linalovuja ni kazi bure.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufungua skrubu ya kwanza

- Kitambaa maalumu cha dari ya gari, kilichobandikwa sponji nyuma tangu kiwandani. Pima ubao sehemu iliyo ndefu zaidi na iliyo pana zaidi ukiufuata ndani ya mabonde yake, kisha ongeza sentimita 15 kila upande. Kitambaa kitupu kisicho na sponji kitaonyesha kila mkwaruzo wa ubao. Sponji nene nayo ni balaa, kwa sababu plastiki za pembeni hazitarudi mahali pake.
- Gundi ya kupuliza inayostahimili joto kali. Soma kopo: liseme wazi kuwa ni ya dari za magari. Gundi ya kawaida ya kazi za mikono hulainika gari likikaa juani. Nunua makopo mawili hata kama unadhani moja linatosha, maana gundi ikiisha katikati ya kazi huna pa kusimamia.
- Vibanio vya plastiki vya akiba. Vilivyokaa miaka 20 vitavunjika hata ukiwa na mkono mwepesi.
- Vipande vya plastiki vya kubandulia. Bisibisi huacha makovu kwenye kingo.
- Bisibisi za aina zote, soketi, na soketi ya nyota kwa boliti za mikanda.
- Brashi ngumu ya nailoni, mashine ya kufyonza vumbi, wembe mpya kadhaa, chaki, mkanda wa karatasi wa wapaka rangi.
- Barakoa ya vumbi, na nyingine yenye kichujio cha mvuke kwa ajili ya gundi na rangi. Miwani ya kazi. Glavu.
- Kwa plastiki: sabuni ya maji isiyo kali, alkoholi ya isopropili, brashi laini, msasa wa namba 400 na 600, praima ya plastiki (koti la msingi linaloshikisha rangi), na rangi ya kupuliza ya plastiki na reksini.
- Mtu mmoja wa kukusaidia. Kutoa na kurudisha ubao si kazi ya mtu peke yake.

Tenga siku mbili. Ukiianza Jumapili mchana na Jumatatu unalihitaji gari, utaharakisha pale pasipotaka haraka.

Kuitoa dari

1. Egesha kivulini, mahali tambarare. Shusha vioo. Kisha chomoa waya hasi wa betri na usubiri angalau dakika 10 kabla ya kugusa chochote. Magari mengi yana mifuko ya hewa ya usalama iliyokunjwa juu ya milango, nyuma ya plastiki za nguzo na kingo za dari. Tazama maandishi SRS au AIRBAG kwenye plastiki hizo, na soketi za waya za rangi ya njano. Ukiyaona, soma kitabu cha gari lako kabla ya kuendelea, na usivute, usigonge wala kukunja kitu chochote kilicho karibu na mifuko hiyo. Kama huna uhakika, mpe fundi afungue sehemu hiyo tu, nyingine ufanye mwenyewe.

2. Piga picha za kila kona kabla ya kufungua. Skrubu za kila kifaa zitie kwenye mfuko wake na uandike ni za wapi. Skrubu ya kishikio na ya kikinga jua zinafanana sana, lakini urefu unaweza kutofautiana, na ndefu ikiingia pasipo pake inaweza kugonga bati la paa kwa ndani.

3. Ondoa vikinga jua, vishikio vya mkono, taa ya ndani, kulabu za nguo. Skrubu za vishikio hufichwa chini ya vifuniko vidogo vinavyofunguka kwa ukucha. Taa ikitoka, chomoa soketi yake, na uangalie kama kuna waya mwingine uliobandikwa mgongoni mwa ubao. Watu husahau huo, wanashusha ubao na kuung'oa.

4. Vuta raba za milango upande wa juu tu, zining'inie. Ondoa plastiki za nguzo. Ambapo boliti ya juu ya mkanda inapita kwenye plastiki, ifungue na uweke alama ya mpangilio wa washa zake (vile vipete vya chuma). Boliti hiyo inabeba uhai wa mtu. Siku ya kurudisha itafungwa kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha ukarabati, si kwa kukisia.

5. Laza viti vya mbele mpaka mwisho. Mmoja ashike mbele, mwingine nyuma, mshushe ubao sawasawa mpaka ulale juu ya viti. Utoeni kwa mlango wa nyuma kama gari lina buti la kufunguka juu, la sivyo kwa mlango wa mbele wa abiria, ukiwa umeinamishwa upande. Ubao unaweza kupinda kidogo, haukunjiki. Niliwahi kuulazimisha upite kwenye mlango mwembamba kwa kuubana na goti, ukatoa mlio kama wa biskuti kavu na mstari ukachanika upana mzima. Ukikwama, rudi ndani, badilisha pembe, jaribu tena.

Kusafisha ubao, hapa ndipo kazi ilipo

6. Lazeni ubao juu ya meza mbili au masanduku, uso juu, nje penye hewa. Bandua kitambaa cha zamani taratibu. Kitatoka kama ngozi ya kitunguu, kikiacha sponji nyuma. Usikitupe, utakitumia kama kipimo.

7. Vaa barakoa na miwani, sugua sponji yote kwa brashi ya nailoni, kavukavu. Brashi ya waya inang'oa uso wa ubao. Maji usitumie kabisa, maana mbao nyingi ni za nyuzi za karatasi au mabaki ya nguo yaliyoshindiliwa, na zikilowa zinapinda na hazirudi. Kama ubao ni wa faibaglasi, vaa na mikono mirefu, la sivyo utawashwa usiku kucha. Sugua kwa mizunguko midogo, fyonza vumbi, sugua tena.

Utajuaje kuwa imetosha? Pitisha kiganja kikavu kwa kukandamiza, kutoka mwisho hadi mwisho. Kiganja kikitoka na rangi ya machungwa, bado. Kwenye mabonde ya vikinga jua na kuzunguka tundu la taa ndiko sponji hujificha, na huko huko ndiko kitambaa kipya hupenda kuachia kwanza. Kwa gari dogo hesabu saa mbili, zikawa tatu si ajabu. Watu wanaoniletea dari zilizoanguka mara ya pili, nikifunua kona nakuta vumbi lile lile chini ya gundi mpya.

8. Kagua ubao. Ufa ubandike kiraka cha kitambaa cha faibaglasi kwa upande wa mgongoni, si usoni, kwani kiraka cha usoni kitaonekana. Kona zilizosagika zijaze kwa gundi ya mbao, uzibane na mkanda mpaka zikauke. Tundu zote hakikisha zina kingo imara.

Kubandika

9. Tandaza kitambaa kipya juu ya ubao kikiwa kikavu. Hakikisha manyoya yake yanalala upande mmoja kutoka mbele hadi nyuma. Kivute kwa mikono miwili kwa urefu, kisha kwa upana, maana mara nyingi upande mmoja unanyumbuka zaidi. Upande unaonyumbuka uelekeze penye mabonde makali. Sawazisha ili kila ukingo ubaki na ziada, chora mstari wa katikati kwa chaki.

10. Kunja nusu ya kitambaa juu ya nusu nyingine, kama unavyokunja shuka, mgongo wake wa sponji uonekane. Ziba kwa magazeti chochote usichotaka kipate gundi, hasa uso mzuri wa kitambaa.

11. Puliza gundi kwenye nusu ya ubao na kwenye nusu ya sponji, yaani nyuso zote mbili zitakazokutana. Umbali wa sentimita 20 hivi, mkono ukitembea bila kusimama, mistari ipishane kidogo, kisha rudia kwa kuvuka ile ya kwanza. Unataka uso uliofunikwa sawasawa kama ukungu mzito, si madimbwi. Gundi ikizidi inapenya sponji na kutokea usoni kama doa la mafuta, na doa hilo halitoki.

12. Subiri. Hapa wengi hukosea kwa sababu wanaona gundi inang'aa wanaogopa itakauka. Fuata muda wa kopo, mara nyingi ni dakika chache. Kipimo changu ni mgongo wa kidole: gusa, ukiinua uone gundi inakamata ngozi lakini haifuati kidole kwa nyuzi. Ikivutika nyuzi, bado ni mbichi, na mvuke wake utanaswa ndani uje utoe mapovu baadaye.

13. Sasa fungua kitambaa polepole kuanzia mstari wa katikati kwenda ukingoni. Msaidizi akishike juu kisiguse ubao kabla ya wakati wake, wewe ukandamize kwa kiganja kilicho wazi. Usikivute kama ngoma. Kitambaa kilichovutwa kitatafuta kurudi kilikotoka, na kitaachia kwenye mabonde.

Mabonde yenyewe yana utaratibu wake. Ukifika kwenye bonde la kikinga jua, simama. Usipite juu yake ukidhani utakibonyeza baadaye, maana kitambaa kikishashika kingo mbili za bonde, hakuna ziada iliyobaki ya kushuka chini. Sukuma kitambaa kwanza kwenye sakafu ya bonde kwa ncha za vidole, kikae, kisha panda ukuta wa karibu, halafu ukuta wa mbali, ndipo utoke nje ya bonde na kuendelea. Kwenye kona kali tumia mgongo wa kijiko cha plastiki. Ukiona kikunjo kidogo kinaanza, inua sehemu hiyo mara moja, gundi ikiwa bado changa, uilaze upya. Ukichelewa, ukiinua sponji itachanika.

14. Rudia nusu ya pili: kunja, puliza, subiri, laza. Pale nusu mbili zinapokutana puliza kidogo tu, usirudie juu ya gundi ya kwanza.

15. Geuza ubao. Kata ziada ubakize sentimita 4 hivi, paka gundi ukingoni, kunjia mgongoni. Kwenye kona za duara chana mikato midogo, isifike kwenye uso. Pale ubao unapoingia chini ya raba au plastiki nyembamba, kata sawasawa na ukingo badala ya kukunja.

16. Acha usiku kucha, ikiwezekana saa 24, ubao ukiwa umelala na si umesimamishwa ukutani.

17. Matundu kata ukitokea mgongoni. Kwa taa, chana msalaba kutoka katikati kwenda kona, kunja vipande vinne nyuma, bandika. Kwa skrubu za vishikio, tundu dogo la ncha ya wembe linatosha. Kata dogo kuliko unavyofikiri, utaongeza ukitaka. Lililozidi huwezi kulipunguza.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa. Mikono isafishwe kwanza, kwani alama ya grisi kwenye kitambaa cheupe ndiyo huvunja moyo kuliko yote. Shikiza ubao kwa taa na kikinga jua kimoja, sawazisha, kisha vingine. Vitambaa au mikunjo isipite mbele ya njia ya mfuko wa hewa, na usigundishe wala kupigilia stepla ukingo wa dari kwenye plastiki ya nguzo. Mikanda ifungwe barabara. Betri iwe ya mwisho.

Plastiki zilizopauka

Kabla ya kununua rangi, jua unachokiona ni nini, maana mambo matatu yanafanana kwa mbali: uchafu wa miaka, mafuta ya kung'arishia yaliyoganda, na plastiki iliyochomwa na jua kweli. Mawili ya kwanza yanaondoka kwa kuoshwa. Nimeona dashibodi iliyohukumiwa kuwa imekufa ikirudi nyeusi kwa sabuni na mswaki laini.

1. Osha kwa maji vuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini, ukifuata vinyweleo vya plastiki (ile mistari midogo ya uso wake). Futa, osha tena. Kitambaa kiwe na unyevu, kisidondoshe maji, kwani swichi ziko karibu.

2. Ikikauka, itazame mchana. Kama weusi umerudi, paka kinga ya jua isiyo na silikoni na isiyong'aa, basi umemaliza. Dashibodi inayong'aa hujirudia kwenye kioo cha mbele na kukuziba macho. Usukani na pedali usizipake chochote cha kuteleza.

3. Kama plastiki inanata kama pipi iliyolambwa, si kupauka huko. Ni tabaka laini la mpira ambalo watengenezaji walipaka juu ya plastiki, hasa kwenye swichi na vishikio vya milango, nalo linaoza. Ling'oe lote: kitambaa chenye alkoholi ya isopropili, sugua, geuza kitambaa, sugua. Chini yake kuna plastiki ngumu safi. Jaribu kwanza mahali palipofichika, na fahamu kuwa alama zilizochapwa kwenye swichi zinaweza kutoka nalo. Thina usitumie, inaweza kuyeyusha plastiki yenyewe.

4. Kama imepauka kweli, imekuwa nyeupe kama iliyopakwa chokaa, itoe kwenye gari. Geuza utazame nyuma, mara nyingi kuna herufi zinazotaja aina ya plastiki: PP au ABS. ABS hushika rangi vizuri. PP ni tabia nyingine, ina uso unaokataa rangi, na bila praima maalumu ya kushikisha, rangi itabanduka kwa ukucha.

5. Futa kwa alkoholi mara mbili, kila mara kwa kitambaa kipya. Msasa wa 600 upite kwa wepesi penye mikwaruzo tu, kwani ukisugua sana utafuta vinyweleo na pataonekana kama kovu. Futa tena, usiguse kwa mkono mtupu.

6. Praima kwanza, nyembamba. Kisha rangi, umbali wa sentimita 20 hadi 25, koti tatu au nne nyembamba, kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke kwa muda wa kopo. Koti la kwanza lionekane kama vumbi, plastiki ya zamani ikichungulia. Anayetaka kufunika kwa koti moja hupata michirizi. Fanya nje, mbali na moto, barakoa ikiwa usoni.

7. Acha siku nzima kabla ya kurudisha, hata kama kwa kugusa imekauka.

Kifuniko cha mfuko wa hewa, kwenye usukani na upande wa abiria, usikipake rangi wala kukibandika kitu. Kimeundwa kupasuka kwa namna yake, kiache kilivyo. Viti vyenye mifuko ya hewa ubavuni pia usivivalishe makava yanayoziba mshono huo.

Kava za milango

Reksini ikibanduka kwenye kava ya mlango, mbinu ni zile zile za dari. Lililo tofauti ni kuifungua. Skrubu hujificha nyuma ya kishikio, ndani ya kikombe cha kuvutia mlango, na chini ya taa ya pembeni. Vibanio vinazunguka kingo: ingiza kipande cha plastiki karibu kabisa na kila kibanio ndipo ubandue, usivute kava kutoka juu.

Kama vioo vinapandishwa kwa mkono, kishikio chake mara nyingi hakina skrubu. Kimeshikwa na klipu ya waya nyuma, yenye umbo la kiatu cha farasi. Pitisha ukanda wa kitambaa kati ya kishikio na kava, shika ncha mbili, uuvute huku na huku kama unayepiga msumeno, huku ukiuinua. Nyuzi zitanasa klipu na kuirusha nje. Weka mkono mwingine wa kudaka, maana ikiruka huipati.

Nyuma ya kava utakuta nailoni iliyobandikwa kwenye mlango. Hiyo si takataka ya kiwandani. Inazuia maji yanayoteremka ndani ya mlango yasifike kwenye hadibodi, na hadibodi iliyovimba chini kwa kawaida ni ya mlango ambao nailoni yake ilichanwa na mtu akaiacha. Ikiwa imechanika, kata nailoni mpya nzito kwa kipimo cha ile ya zamani, ibandike kwa mkanda wa gundi laini usiokauka.

Mambo yakienda vibaya

Mapovu siku ya pili: gundi ilifungiwa ikiwa mbichi, au vumbi lilibaki. Povu dogo libonyeze baada ya kulipasha kwa draya ya nywele, si kwa mashine ya hewa moto ya fundi. Likirudi, pafunue.

Kitambaa kimeachia bondeni: kilivutwa. Kama kuna ziada ukingoni, kifungue kutoka ukingo wa karibu, puliza upya, kilaze kuanzia sakafu ya bonde. Kama hakuna ziada, kata kitambaa kingine. Hakuna njia ya mkato hapo, nimezijaribu.

Doa la gundi iliyodondokea usoni, si ile iliyopenya kutoka kwenye sponji: likiwa bado bichi, lisubiri likauke, kisha livingirishe kwa kidole litoke kama kamasi kavu. Ukilisugua bichi unalitandaza.

Rangi inajikusanya ikiacha vidonda vya duara kama macho ya samaki: ni silikoni ya mafuta ya kung'arisha iliyobaki. Ukiongeza rangi juu yake vitazidi tu. Acha ikauke, sugua na msasa wa 400, osha kwa sabuni, futa kwa alkoholi, anza upya.

Rangi inabanduka kwa ukucha: plastiki ilikuwa PP, nawe hukupaka praima. Sugua yote itoke.

Harufu kali: shusha vioo kivulini siku mbili tatu. Usisafiri na mtoto mdogo ndani kabla haijaisha.

Taa ya mfuko wa hewa inawaka baada ya kurudisha betri: kuna soketi hukuisukuma mpaka ikalia, au uliwasha swichi huku moja ikiwa imechomolewa. Zima, chomoa betri, subiri dakika 10 tena, kagua kila soketi ya njano uliyoigusa. Ikiendelea kuwaka, gari lipelekwe likasomwe kwa mashine kabla ya kubeba abiria, kwa sababu taa hiyo ikiwaka huenda mifuko isifunguke siku ya ajali.